Madirisha ya Fundi Mipini

Ndugu zangu, majirani, na nyote mnaofanyia kazi nyumbani, sogeeni mnisikilize. Mimi ni fundi cherehani na nina mdomo, hilo mnalijua. Lakini leo simsengenyi mtu. Mwenyewe amenipa ruhusa, tena amesisitiza: "Waambie, shemeji, wala usinipunguzie." Basi sipunguzi.

Nyumba tunayopakana nayo ukuta ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi ungemsikia baba akipiga mluzi, mama akibishana na redio, na binti yao mdogo akiongea. Tulimwita Kasuku, kwa sababu alianza kuongea akifumbua macho na hakunyamaza mpaka usingizi umkatishe katikati ya maneno. Mama yake ni msusi, saluni yake iko pale kwenye kona. Baba ni Fundi Mipini. Anatengeneza mipini ya fimbo za kuvulia samaki, na kila mpini ni wa mkono wa mtu mmoja.

Niwaeleze kidogo, maana ni kazi ya kupendeza. Mvuvi akija, fundi humpa donge la udongo laini alikamate kama anavyokamata fimbo yake. Alama za vidole zinazobaki ndizo vipimo. Kisha huchukua povu gumu, mfano wa lile la kufungashia televisheni ila limeshikana zaidi, akalikereza kwenye mashine hadi lifuate ule mkono. Juu yake huvisha nyuzi nyeusi za kaboni zilizofumwa kama soksi, akazilowesha gundi, zikiganda akapiga msasa, halafu akapaka gundi ya mwisho inayong'aa. Ukiushika mpini wake huoni uzito, lakini huuvunji. Samaki akigusa chambo tu, kiganja kinapata habari. Watu walitoka mbali kumfuata, na hawakukosea.

Shida ilikuwa hiyo gundi ya mwisho. Ikiwa bado mbichi, chembe moja ya vumbi ikitua juu yake inagandia humo na kubaki kama chunusi. Fundi wetu alikuwa hawezi kuvumilia chunusi. Kwa hiyo alifanyia kazi chumba cha katikati, kile mtoto anachopita akienda kulala, na saa ya kupaka ikifika alifunga madirisha ya nyumba nzima, akaziba na nyufa kwa utepe. Vumbi la barabarani likabaki nje, kweli. Harufu kali ya gundi ikabaki ndani, pamoja na watu. Na lile vumbi jeusi la msasa, alilodhani amelifagia lote, lilikuwa kwenye mapazia na kwenye mto wa mtoto.

Yeye alivaa barakoa. Hapo ndipo nilipokuwa napandwa na hasira. Barakoa ya maana kabisa, yenye vichujio mashavuni. Nyumbani mle ilikuwa moja tu.

Kasuku akaanza kukohoa.

"Baba Kasuku," mkewe akamwambia, "hamishia kazi yako bandani. Mtoto anakohoa."

"Banda liko wazi, mke wangu, na barabara ile pale. Unataka niuze mipini yenye mchanga?"

"Na kifua cha mtoto?"

"Mafua hayo. Mtoto gani hakohoi?"

Na mimi nikatia neno langu. "Shemeji, mwenzio natoa machozi huku upande wa pili, na sijafiwa." Akacheka, akasema pua yangu ni ndefu kama ulimi wangu. Tukaishia hapo, kama tunavyoishia siku zote, kwa kicheko.

Kumbe mtoto alikuwa anaishiwa maneno. Yule aliyekuwa akikusimulia ndoto nzima na ya mwenzake juu yake, sasa alijibu "ndiyo" na "hapana", na kati ya hilo na hili anatafuta pumzi. Baba yake akafurahi! "Binti yangu amekua," alisema. "Siku hizi ametulia." Jamani, mtu anaweza kusikia mashine yake ikikwaruza kidogo tu akairukia, na asisikie hilo.

Ikaja kazi kubwa, mipini ya klabu ya wavuvi waliokuwa wanajiandaa na mashindano. Alasiri hiyo fundi alikuwa ameshapaka yote. Mipini imepangwa kwenye vyuma, mota ndogo inaizungusha polepole ili gundi isichuruzike. Kasuku alikuwa amerudishwa mapema kutoka shuleni kwa kujisikia vibaya, amelala chumba cha nyuma. Mama yake alipotoka saluni kuja kumwangalia, alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi.

Mimi nilisikia sauti moja tu kupitia ukutani: "Fungua madirisha! Mtoto hapumui!"

Niliitupa nguo ya mteja, nikakimbia. Nilipoingia, mama alikuwa amempakata mtoto, na fundi amesimama kati ya mota na dirisha, brashi mkononi.

"Mtoe nje kwanza, mama Kasuku," anasema. "Nipe dakika chache tu, gundi inakaribia kushika."

Mkewe alinikabidhi mtoto, akauvamia ule utepe kwa kucha na kuung'oa wote, akafungua dirisha kwa kishindo. Upepo ukaingia na vumbi lake, ukatua juu ya mipini yote. Na mimi nilimwona kwa macho yangu haya: fundi aliitazama mipini kwanza.

Kisha akamtazama mtoto. Kasuku alimnyooshea mkono, akafungua mdomo kumwambia kitu, na hakikutoka kitu. Mtoto aliyekuwa na neno kwa kila mtu hakuwa na neno la kumwita baba yake.

Brashi ikaanguka. Alininyang'anya mtoto, akatoka mbio. Namshukuru hadi leo yule dereva wa teksi wa jirani, aliyeacha chakula chake mezani bila kuuliza swali, akatupeleka sote.

Kule zahanati, muuguzi alimwekea Kasuku kifaa cha kuvutia dawa ya mvuke, huku akiuliza.

"Pumzi imeanza kumsumbua lini?"

Fundi akamtazama mkewe.

"Anakohoa zaidi akilala au akiamka?"

Akamtazama tena. Mtu anayeweza kufumba macho akakuchorea kiganja cha mvuvi wa zamani hakujua kifua cha binti yake kinalia namna gani. Mama ndiye aliyejibu yote.

Muuguzi akamtazama fundi shingoni. Barakoa ilikuwa bado inaning'inia.

"Hiyo ni ya nani?"

"Yangu. Ya kazini."

"Kazini ni wapi?"

"Nyumbani."

"Na ya mtoto iko wapi?"

Fundi alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye korido, akalia mbele za watu. Wala sikumcheka.

Mungu ni mwema. Midomo ya mtoto ilirudi rangi yake, mabega yakatulia, na neno lake la kwanza lilikuwa malalamiko: "Dawa hii ina ladha mbaya." La pili lilikuwa refu zaidi, na hajanyamaza tangu hapo. Tulicheka na kulia kwa pamoja. Mama yake alimshika muuguzi mikono yote miwili, akabaki anaitikisa tu.

Fundi aliporudi aliosha kuta, akatupa godoro na mapazia, na mashine zote zikahamia bandani. Vumbi je? Alitengeneza sanduku la mbao lenye kifuniko, mipini inakaukia humo. Sanduku tu, ndugu zangu! Muda wote ule aliziba nyumba kumbe angeweza kuziba sanduku. Siku hizi havuki kizingiti kabla hajavua nguo za kazi na kunawa.

Alimwendea mwenyekiti wa klabu kuomba radhi kwa mipini iliyoharibika. Yule mzee alimsikiliza, akasema, "Samaki hawahami, fundi. Mtoto anaendeleaje?"

FUNZO

Kazi ya mikono ni baraka, na kuipenda si kosa. Kosa ni kuipenda kuliko wale unaowafanyia kazi hiyo. Ukijikinga mwenyewe na madhara ya kazi yako, ukawaacha wa nyumbani wayavute, hujawatunza. Mwenzio akikuambia kuna hatari, usimjibu kwa kicheko. Gundi, rangi, vumbi la msasa, mahali pake ni penye hewa, mbali na kitanda cha mtoto.

Sisi tumeonewa huruma, na tunashukuru kila siku. Si kila nyumba itakayopewa nafasi ya pili. Kwa hiyo ukifika kwako leo, kabla hujashika kazi yoyote, kaa karibu na mwanao, nyamaza, umsikilize anavyopumua.