Aliyeitika Mara Tatu

Haya sikuyaokota kwa majirani. Yalitokea sebuleni kwangu, mchana kweupe, mbele ya cherehani yangu.

Nimewalea mabinti wawili wa marehemu dada yangu. Wa kwanza tulimwita Mkubwa, mdogo wake Kitinda. Mkubwa ni msusi saluni. Kitinda wakati ule ndiyo kwanza amemaliza shule. Wote waliimba, ila Kitinda alizaliwa na sauti, Mkubwa aliitafuta kwa jasho. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuvuta pumzi kwa tumbo na kuishikilia sauti isitetereke. Miaka minne walibisha milango ya studio. Walijirekodi kwa simu wakiwa wamejifunika blanketi, kelele za mtaa zisiingie, wakapeleka nyimbo kwa kila mtayarishaji aliyekubali kuwafungulia. Mkubwa aliimba mbele, Kitinda akaitikia.

Jumatatu moja, nikipinda gauni la mteja, simu ya Mkubwa ikalia. Alikuwa mtayarishaji. Mkubwa akaongeza sauti ili sote tusikie.

"Nimesikiliza wimbo wenu," alisema yule bwana. "Namtaka huyo anayeitikia. Aje peke yake, Jumamosi saa nne asubuhi."

Kitinda aliruka hadi akapindua kopo langu la vifungo. Mkubwa akamkumbatia, akacheka. Mimi nilimwona usoni, juu ya bega la mdogo wake. Meno yalicheka. Macho hayakucheka.

Tangu siku ile chakula hakikumshuka. Kitinda akianza mazoezi, yeye anatoka nje.

"Mpini nimechonga mimi," aliniambia, "jembe kapewa mwingine."

"Mwanangu, usisafirie nyota ya mwenzio."

"Nyota ni yangu, mama mdogo. Yeye kaiazima."

Alhamisi alirudi mapema, amebeba chungu kipya chenye kifuniko. Akaketi sakafuni, akakipakata. Kitinda alikuwa uani anafua.

"Kitinda!" aliita, mdomo ameuinamishia chunguni.

"Abee, dada!"

"Kitinda!"

"Abee!"

"Kitinda!"

"Abee, nakuja!"

Mkubwa akafunika chungu. Taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Unamwitia nini?" nikauliza.

"Nimeshasahau."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Hadi leo najilaumu.

Kitinda aliingia, mikono imejaa povu. Akafungua kinywa kuuliza anaitiwa nini. Hakikutoka kitu.

Daktari alimmulika koo, akasema ni zima kabisa. Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi Kitinda alijikunja kitandani akilia, na kilio chenyewe hakina sauti, machozi tu.

"Twende tukamweleze yule bwana, mama mdogo," Mkubwa alinong'ona. Tayari alikuwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote.

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa sponji, na ndani yake kijichumba cha kuimbia. Mtayarishaji alitusikiliza, akashusha pumzi, akamgeukia Mkubwa.

"Muda nimeshautenga. Wewe huwezi kuimba?"

Nilimhurumia, nikamwambia aingie. Kabla sijamaliza kusema alikuwa ameshafunga mlango wa kijichumba.

Aliimba vizuri, nisiseme uongo. Yule bwana akarudisha nyuma tusikilize. Mstari wa kwanza ukapita. Kabla ya mstari wa pili, mtu akasema:

"Abee."

Sauti ndogo, kama inatoka kisimani.

"Nani kaongea?" akauliza mtayarishaji. Akafuta, akarekodi upya. Safari hii kila mstari ukaitikiwa. Na sauti ilikuwa imesogea karibu zaidi.

Akazima simu zote. Akafunga mlango wa nje kwa ufunguo. Akasema tujaribu mara ya mwisho.

Mkubwa hakufika mstari wa pili. Spika zilikuwa zimezimwa. Tulisikia wote. Ilitoka mle ndani, nyuma ya shingo yake.

"Abee. Nakuja."

Mkubwa aligeuka. Aliona nini, sijui. Kinywa chake kilipanuka kupiga yowe. Mishipa ya shingo ikasimama. Kimya.

Tulipofika nyumbani, Kitinda alikuwa kizingitini anaimba. Uvunguni mwa kitanda cha Mkubwa, chungu kilikuwa kimepasuka katikati, kifuniko bado kiko juu yake.

Mkubwa alikiri kwa kuandika. Msusi mwenzake ndiye aliyempa chungu kile, akamfundisha kuifungia humo sauti ya anayeitika mara tatu. Chini kabisa ya karatasi aliandika: Nilitaka Jumamosi moja tu.

Kitinda alisoma, akaikunja karatasi ile mara nyingi sana, mpaka haikukunjika tena.

"Ungesubiri, dada," alisema. "Mimi ningekushika mkono."

Wiki iliyofuata alirudi studio peke yake, akarekodi kwa siku moja. Siku hizi huwezi kuvuka mtaa bila kuusikia wimbo wake. Mkubwa yuko saluni, anasuka. Huu ni mwaka wa pili hajatoa hata mguno.

Mwezi uliopita nilienda anisuke. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo, yeye kasimama nyuma yangu. Redio ikaanza kupiga wimbo wa Kitinda, wateja wakaupokea. Nilihisi vidole vya Mkubwa vinakaza nywele zangu. Nikamtazama kwenye kioo. Midomo yake ilikuwa imefumbwa, imebanwa hadi imepauka.

Kwenye kioo, usawa wa mdomo wake, palikuwa na duara la ukungu, kama mtu kapumulia pale. Likapanuka. Likasinyaa. Likapanuka tena, kwa kufuata wimbo, kama anayeitikia.

Wimbo ukaisha. Mkubwa akatoka nje kuchota maji. Nilinyanyuka na kitambaa, nikafuta pale. Nikafuta tena kwa nguvu. Kitambaa kilikuwa kikavu.

Ukungu ulikuwa upande wa ndani wa kioo. Na ulikuwa bado unapumua.