Shahidi Aliyebaki

Kisa hiki alinisimulia shemeji yangu Ghati, mkaguzi wa usalama kazini, aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tarime.

Ilikuwa asubuhi moja tulivu. Alipanda bodaboda hadi Heru Juu, kwenye mashine ya kusaga muhogo iliyomuua mwendeshaji wake, Felician. Mkanda ulishika koti lake, ukamvuta. Kijiji kilikuwa kimeshaamua kwamba amerogwa na mkewe, Ernesta, kwa kuwa walisikika wakigombana alfajiri ya siku aliyokufa. Isipopatikana sababu nyingine, Ernesta angefukuzwa, na watoto wangebaki kwa wakwe.

Ghati aliwahoji mashahidi mmoja mmoja ndani ya stoo, mlango umefungwa, simu ikirekodi. Wote walisema jambo moja.

"Kava la kuzuia mkanda usimshike mtu lilikuwepo, madam. Hata sasa si umeliona?" alisema Reverien, msaidizi wa marehemu. "Mkanda ulimvuta kama umetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Muulize aliyelala naye."

Ghati hakumlaumu. Mwenye hofu hushika jibu lililo karibu.

Walipokwisha, akafungua mlango, akaita kama alivyozoea kazini: "Kama kuna shahidi aliyebaki, aingie."

Reverien, aliyekuwa uani, akashtuka. "Madam, penye msiba hatuiti hivyo. Mtu huitwa kwa jina lake."

Hapakuwa na mwingine nje. Ghati akafunga mlango. Kiti cha mbele yake kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa.

Akangoja. Kimya. Harufu ya mpira ulioungua.

Akakusanya vitu vyake, akatoka.

Jioni, nyumbani kwa Ernesta, aliisikiliza rekodi. Mwishoni, baada ya mlio wa kiti, kulikuwa na sauti ya mwanamume.

"Kava nililitoa mimi, mkanda ulikuwa unateleza. Wamelirudisha kwa woga. Mwacheni Ernesta."

Ernesta alijiziba mdomo. "Ni yeye."

"Basi umepona, dada. Twende wakasikie."

"Wakisikia maiti inanitetea kwenye simu, watahitaji ushahidi gani tena kwamba mimi ni mchawi?" alinong'ona. "Futa. Ila kwanza niwekee tena pale anaponitaja."

Ghati akamwekea. Kisha akafuta.

Kesho yake alimrudia Reverien na swali la kava. Msaidizi huyo alitazama chini, akarudia maneno yale yale. Kabla wiki haijaisha, Ernesta aliondoka kwenda kwa kaka yake Kitahana, bila watoto.

Tangu hapo, popote Ghati anapohoji, hukifuta kwanza kiti cha shahidi. Kila mara hukuta unga wa muhogo. Una joto bado, kama uliotoka mashineni sasa hivi.