Pikipiki Iliyogoma Jumamosi

Saa saba mchana, mtaa wa Kabalagala jijini Kampala ukinukia chapati na nyama ya kuchoma, Wangila alitoka kwenye baa kinyumenyume akivuta mkokoteni wenye jenereta, wala hakugeuka kuangalia barabara. Aryemo naye alikuwa anatoka Mengo na mzigo wa sare za shule alizozishona mwenyewe, tena mwendo wake ulikuwa umezidi kidogo. Alifunga breki, gurudumu likateleza kwenye mchanga, pikipiki ikalala ubavu na sare zikatawanyika njiani.

"Wewe ssebo! Macho yako iko wapi?"

"Nisamehe, dada. Umeumia?"

"Mimi niko sawa. Uliza pikipiki."

Aryemo alikuwa amevaa jinzi na blauzi ya kitenge cha manjano. Alipovua helmeti, nywele za kusuka zikamwangukia mabegani, na fundi mzima wa jenereta akasahau alichotaka kusema. Usukani ulikuwa umepinda na indiketa ya kushoto imevunjika. Haikuwa ajali ya kulilia.

"Nitaitengeneza mwenyewe, nyumbani kwako, huku unaniona," alisema Wangila. "Mimi mtu wa Bungoma, sikimbii kosa langu."

"Basi Kisugu, Jumamosi saa tatu. Ukikosa nitakutafuta."

Hakukosa. Barazani alimkuta baba yake Aryemo, Sajini mstaafu Okwir, ambaye alisikia salamu yake akasimama wima.

"Kijana, hiyo Kiswahili umetoa wapi?"

"Nyumbani Kenya, Mzee."

"Karibu! Kaa! Hapa watu yote naongea Luganda. Kiswahili yangu inaoza kwa mdomo!"

Wangila alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Ananyoosha usukani, anauliza. Anafunga indiketa mpya, anauliza. Mzee, gari likikwama porini bila vipuri mlifanyaje? Sajini akasimulia jinsi walivyosuka kamba za buti za askari watano wakapata mkanda wa feni. Aryemo, aliyekuwa analeta chai na mihogo, alisimama na sinia mkononi. Kisa hicho hakuwahi kukisikia maishani mwake.

Wiki nzima pikipiki ilikwenda vizuri. Jumamosi asubuhi ikagoma.

"Fundi," Aryemo alisema kwenye simu, "umenitengenezea nini?"

"Imegoma? Nakuja, mrembo."

"Nani mrembo? Kuja na spana."

Kofia ya plagi ilikuwa imejazwa karatasi. Jumamosi iliyofuata, fyuzi haionekani. Nyingine tena, waya wa betri umelegezwa. Kila mara kufikia adhuhuri injini ilinguruma, mzee alicheka hadi akakohoa, na wale wawili walitazamana kuliko walivyotazama pikipiki. Mapenzi yalikuwa yameingia, tusizungukezunguke. Simu za "umekula?" na "umelala?" hazikuhesabika.

Lakini Aryemo hakuwa mjinga. Pikipiki gani inajua siku za wiki? Jumamosi ya tano alimkazia macho Wangila.

"Niambie ukweli. Wewe ndiye unaiharibu?"

Wangila akacheka, na hapo ndipo alipokosea. "Mpenzi, mimi nilidhani ni wewe! Nikanyamaza nisikuaibishe."

"Mimi? Nikutege wewe na fyuzi? Banange!"

"Basi ni nani?"

"Anayenidanganya kwa kitu kidogo hivi, kikubwa atanifanyaje? Chukua spana zako, Wangila. Nenda."

Akaenda. Jumamosi iliyofuata pikipiki iliwaka kwa kiki moja. Na iliyofuata pia. Ushahidi gani tena angetaka? Hata hivyo, Aryemo aliinama kwenye cherehani akalia mpaka kola ya sare ikalowa, maana alimpenda.

Jumamosi ya tatu tangu waachane, alitoka nje akamkuta baba yake barazani, shati limepigwa pasi, viti viwili vimetazamana, na vikombe viwili mezani.

"Nani anakuja, Baba?"

"Fundi. Pigia yeye simu. Pikipiki imekufa."

Aryemo akaenda kwenye pikipiki. Akapiga kiki mara tatu. Kimya.

"Baba, umejuaje? Leo hakuna mtu ameijaribu."

Sajini akatazama viatu vyake. Kisha akafungua kiganja taratibu. Fyuzi ilikuwa humo.

"Rafiki yangu ya jeshi, wengine wamekufa, wengine wamerudi kwao Gulu," alisema. "Wewe uko kazi. Huyu kijana anauliza mimi mambo. Hakuna mtu mwingine anauliza mimi mambo. Nimengoja wiki mbili, nikasema labda atarudi yeye mwenyewe."

Hasira ilimpanda Aryemo, ikafuatwa na aibu. Alikumbuka ni mara ngapi alipita hapo barazani na mzigo wake bila kuketi. Akachukua simu.

"Sijaigusa," Wangila alitangulia kusema. "Hata Kisugu sijakanyaga."

"Najua. Nilikukosea, nisamehe."

"Ni nani basi?"

"Kuja uulize wewe mwenyewe."

Nusu saa haikuisha akafika, kavaa shati la kutokea, spana hana. Mzee alimpokea amesimama wima kama yuko gwaride.

"Kosa ni yangu mimi. Huyu mtoto usiache kwa sababu yangu."

Wangila alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, nataka kuleta wazazi wangu hapa."

"Kufanya nini?" mzee aliuliza, kana kwamba hajui.

"Na mimi?" Aryemo akadakia. "Dunia nzima unaiuliza maswali, mimi hujaniuliza!"

Wangila akamgeukia.

"Aryemo, utakubali nikuoe?"

"Nakubali," alisema.

Sajini Okwir alikaa, akajifuta macho kwa mkono wa shati lake la pasi. Akamvuta Wangila karibu.

"Baba yako," alinong'ona, "anajua Kiswahili?"