Vidole vya Mama Stoo

Madumu matatu ya mafuta ya manukato yalikuwa yameyeyuka kutoka stoo ya kiwanda cha sabuni, na mlango haukuwa na hata mkwaruzo.

"Kesi imekwisha, Afande," meneja alisema, akisugua mikono kama mtu aliyeitwa mezani. "Mashine ya mlangoni ya alama za vidole imemtaja Mama Stoo. Mashine haina shangazi wala mjomba."

Mama Stoo, mpika sabuni wa miaka mingi aliyekabidhiwa stoo, alikuwa tayari mahabusu, jela ikimkodolea macho. Inspekta alikuwa karibu kukubali, ndipo simu yake ikalia. Alikuwa konstebo wa kituoni, yuko hoi.

"Afande, nampaka wino huyu mama, karatasi inatoka madoa matupu! Vidole laini kama mgongo wa kijiko!"

Inspekta akashusha simu. Kostiki, dawa kali ya kupikia sabuni! Miaka yote ile ilikuwa imekula ngozi ya vidole. Akamgeukia fundi aliyesimama kando ya mlango, yule aliyeifunga mashine na kuipitisha kwenye majaribio.

"Polisi tumeshindwa kusoma vidole vya huyu mama. Mashine yako imevisoma kwa miwani gani?"

Fundi akaipapasa mashine. "Ni teknolojia tu, Afande."

"Haya, tuione." Inspekta akanyoosha kidole gumba.

"Usiguse!" fundi alimaka.

"Mbona jasho? Si inamjua Mama Stoo peke yake?"

Kidole kikatua. Taa ikawaka kijani. "Karibu, Mama Stoo," mashine ikasema, mlango ukafunguka wazi. Meneja akajaribu chake; naye akakaribishwa kwa jina hilohilo.

"Hongera," Inspekta alimwambia. "Sasa kina Mama Stoo tuko watatu."

Fundi akajibwaga sakafuni. "Niliijaribu kwa vidole vya maofisini tu. Ilipofungwa, ikawakataa wapika sabuni, foleni ikafika barabarani. Nikalegeza kipimo hadi madoa ya Mama Stoo yakalingana na kidole chochote, nikasaini kwamba inafaa. Dhamiri iliponisuta nikaomba turudie majaribio..."

"Nikamwambia asinipotezee muda," meneja alinong'ona.

"Nikachukua madumu ili mwone stoo haina ulinzi! Yamo garini mwangu, hayajafunguliwa. Sikudhani mtu atakamatwa kwa jina lililotajwa na mashine."

"Na alipokamatwa?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nikaogopa kuumbuka kwa saini yangu."

"Ukaona heri mama wa watu aozee ndani." Inspekta akamfunga pingu, kisha akapiga simu kituoni. "Konstebo! Mtoe huyo mama sasa hivi. Na umwombe radhi kwa sauti, mahabusu wote wasikie!"