Aliyetia Sahihi

Jua lilishaegemea mikarafuu Bi Kazija alipofika Mtambile kumfuata mdogo wake, Mwanawema. Hakwenda kuomba. Alikwenda kumtoa.

Wiki ya nne sasa Mwanawema anaitwa kwenye nyumba ile ya watafiti, wanaochunguza watu wenye sheitani. Wanafukiza ubani, sheitani anapanda kichwani, wao wanamuuliza maswali na kurekodi. Na kila akirudi, Mwanawema huwa kapungua. Hali chakula. Hapati usingizi. Juzi mwanawe anayenyonya alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama anamtazama tu, kama mtoto wa jirani.

Mlangoni kimya. Harufu ya ubani... na chini yake harufu nyingine. Tope la mikoko.

"Karibu, Bi," alinong'ona Zulekha, mtafiti, binti wa Unguja. "Yumo ndani. Sheitani bado hajateremka."

"Nipe karatasi alotia sahihi."

"Ina maneno ya kitaalamu, Bi, ngoja nikuso..."

"Mwanangu, nimeingia kisomo cha watu wazima na miaka hamsini na sita, wajukuu wakanicheka mpaka wakachoka. Hunisomei wewe."

Akaweka kidole chini ya mstari, akaenda nao polepole. "Mshiriki... anaweza... kujitoa... wakati wowote... bila ya kutoa sababu."

Akainua kichwa. "Basi anajitoa. Leo. Na sababu sitoi."

"Sawa, Bi. Lakini ajitoe mwenyewe aliyetia sahihi. Ndio utaratibu."

Kidole kikateremka mpaka mwisho wa karatasi, penye sahihi.

Kikasimama.

Mwanawema hajui kuandika. Maisha yake yote hutia dole gumba. Hapa hapakuwa na dole. Palikuwa na jina, kwa hati nzuri, iliyolala. Si la Mwanawema: la sheitani wao wa kurithi, jina lisilotajwa kwao. Alilijua bibi yao, akalijua mama yao, akalijua yeye. Basi.

"Karatasi hii ulimpa wakati gani?"

"Siku ya kwanza tulichelewa, Bi. Nilimpa... ubani ulikuwa umeshawaka."

"Ameshapandisha?"

"Niliona mtu ni yule yule mmoja."

"Mmoja!" Bi Kazija alisema kwa sauti ya chini, ya kukwaruza. "Sie huku sheitani hata maji hatumpi mpaka fundi wake wa uganga awepo. Wewe umempa mkataba?"

Zulekha akaichukua karatasi, akaichana vipande vinne.

Ndani, mtu akacheka.

Taratibu. Kicheko cha mwanamume.

Pazia likasogea. Akatoka Mwanawema, lakini macho hayakuwa yake.

"Nimeulizwa kama nataka," ile sauti ikasema. "Nikasema nataka. Nyie tangu bibi yenu, nani kaniuliza?"

"Mwachie mdogo wangu. Ana mtoto mchanga."

"Mie sijitoi, Kazija. Umejua kusoma, hongera. Basi soma. Nionyeshe pahala palipoandikwa siku ya kwisha."

Bi Kazija akapiga magoti. Akaviunga vile vipande sakafuni, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Akarudia toka juu. Akamtazama Zulekha.

"Siku ya kwisha hatukuiandika, Bi," alisema Zulekha.

Nje adhana ya magharibi ikaanza. Mwanawema akavuta kiti, akakaa mbele ya rikoda, mikono mapajani, akangoja kuulizwa.