Waya Chini ya Nyasi

Nyumbani kwetu Ngenge, wilayani Muleba, Jumamosi ilikuwa siku ya nyasi. Mama yetu, Felicitas, aliamka mapema akaenda bondeni na mundu. Alirudi na mzigo kichwani, umande ukidondoka mabegani. Alizoa nyasi za wiki iliyopita, akazitupa kwenye migomba, kisha akatandika mpya sebuleni. Mgeni alivua viatu mlangoni. Alikanyaga nyasi laini, za baridi, na nyumba nzima ilinukia bonde. Wahaya wa zamani walitandika hivyo, na mama hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa watu wamejua mazulia.

Baba yetu, Ishengoma, ndiye aliyeleta televisheni ya kwanza kitongojini. Mimi Derick nilikuwa darasa la tatu. Ilikuwa ya chogo, yaani zile nene zilizotuna kwa nyuma. Baba aliinunua Kemondo, bandarini, akaipakata ndani ya lori la kahawa mpaka nyumbani. Umeme haukuwepo. Tuliiwasha kwa betri ya gari, na betri ilipelekwa kwa baiskeli kuchajiwa. Picha ilikuwa na chenga nyingi. Wachezaji ishirini na wawili walionekana arobaini na wanne, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya mechi sebule ilijaa. Mama aliweka sharti moja tu. "Mnaokanyaga nyasi zangu, mje na nyasi," alisema. Basi kila jirani alifika na kumbatio la nyasi kifuani, akazimwaga sakafuni, akakaa. Mama alipitisha kibakuli cha kahawa ya kutafuna. Rafiki wa baba, mzee Rugaibula, ndiye aliyeleta nyasi nyingi kuliko wote, na kwa sababu hiyo alijiona ana haki ya kukaa mbele. Alimgombeza mwamuzi mpaka mechi ikaisha, kana kwamba mwamuzi anamsikia.

Naikumbuka sebule ile mpaka leo. Nikifumba macho naona migongo ya watu na ule mwanga wa buluu juu ya nyasi.

Miaka imekwenda. Chogo iliharibika, ikawekwa pembeni, na juu yake kikabaki kitambaa cheupe alichokifuma mama. Umeme ulifika kijijini. Majirani walipata televisheni zao na simu zao, kila mtu akabaki kwake. Kisha mama akafariki. Huu ni mwaka wa nne.

Baba hakuacha nyasi. Kila Jumamosi alikwenda bondeni mwenyewe na mundu ule ule. Tatizo lilikuwa mgongo. Kutandika aliweza, kuzoa hakuweza, kwa hiyo alitandika mpya juu ya za zamani. Mimi nafanya kazi Bukoba, kwenye ghala la kahawa. Nilipokuja kumsalimia nilimkuta amekaa peke yake na redio, kwenye nyasi za kutosha watu ishirini. Iliniuma sana. Nikaamua kumnunulia televisheni mpya ili watu warudi.

Hapo ndipo ujuaji wangu ulipoanza.

Bukoba niliingia katika duka la vitu vilivyotumika. Niliona televisheni bapa, kubwa kama meza ya kulia chakula. Muuzaji alisema ni plasma. Nikamuuliza plasma na LCD zinatofautianaje. Akanijibu kwamba flati ni flati. Jibu lilikuwa fupi na televisheni ilikuwa kubwa, nikaridhika. Ilikuwa nzito hata tukaibeba watu wawili. Garini tuliilaza chali juu ya magunia, na namshukuru Mungu kioo hakikupasuka.

Sebuleni soketi ni moja tu, karibu na mlango wa chumba cha baba. Ukuta niliouchagua ulikuwa upande wa pili. Nilikuwa na ekstensheni nyembamba, fupi. Nikaiunga na waya mwingine wa zamani, nikafunga maungio kwa nailoni. Kisha nikawaza kwamba baba atajikwaa. Nikafunua nyasi, nikaulaza waya sakafuni, nikaufunika vizuri. Hauonekani kabisa. Nikajipongeza.

Baba naye alikuwa na lake. Alikitoa kitambaa cha mama kwenye chogo, akakitandika juu ya televisheni mpya, kikaning'inia nyuma mpaka chini. Alisema kitu kizuri hakiachwi uchi. Jioni ile tuliangalia habari pamoja. Alicheka peke yake, akasema Felicitas angeona ukubwa huu angetafuta pa kukimbilia.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Televisheni inazima yenyewe, alisema. Inawaka nusu saa, inazima, ikipoa inawaka tena. Jumapili timu yake inakutana na timu ya Rugaibula, na yeye ameshaalika majirani wote, mmoja mmoja, kwa miguu yake. Nilisikia hofu katika sauti yake. Aliogopa watu wakija mara moja wakakuta giza, hawatarudi tena.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Muleba mjini nilimpitia fundi Shamsa. Shamsa ni mzaliwa wa Bukoba, ana kibanda cha kutengeneza televisheni na redio, na watu humsifu kwamba haharakishi. Tulifika Ngenge alasiri.

Nilipofungua mlango nilikutana na harufu. Ilikuwa harufu tamu ya nyasi zilizokauka karibu na moto. Nilisimama. Nilirudi utotoni saa ile ile.

"Unaisikia?" baba aliniuliza huku akitabasamu. "Ni harufu ya msonge, ile nyumba ya nyasi ya mama yangu. Nyasi za karibu na jiko zilinukia hivi hivi. Siku tatu sasa iko humu ndani. Nalala vizuri kama mtoto."

Shamsa alimpa shikamoo, akavua viatu kama mila inavyotaka. Baba alimkaribisha kahawa ya kutafuna. Shamsa akatia punje mbili mdomoni, akaanza kutembea kuelekea kwenye televisheni. Katikati ya sebule alisimama. Alirudi hatua moja nyuma, akakanyaga tena, taratibu, kwa unyayo mtupu.

"Kaka Derick," aliniita bila kupandisha sauti. "Hapa chini kuna nini?"

"Waya tu."

"Swichi kuu iko wapi?"

Nilimwonyesha. Aliizima kwanza, ndipo akapiga magoti na kufunua nyasi kwa mikono yake. Za juu zilikuwa kijani. Za katikati zilikuwa njano. Za chini, zile zilizougusa waya, zilikuwa za kahawia kama chai ya rangi, na mahali nilipofunga nailoni zilikuwa nyeusi. Nailoni ilikuwa imeyeyuka. Shaba ilikuwa nje. Nyasi nyeusi zilisagika kuwa majivu vidoleni mwa Shamsa.

Kutoka pale mpaka mlango wa chumba cha baba ni hatua mbili. Dari yetu ni ya mbao. Nilihesabu siku tatu alizolala akiifurahia ile harufu. Nilikaa chini.

Baba aliziangalia zile nyasi. Kisha alisema, "Najua utakachosema, mwanangu. Utasema nyasi zitoke. Nyasi za Felicitas hazitoki. Derick, ichukue televisheni yako urudi nayo."

"Ta Ishengoma," Shamsa alijibu, akimwita kwa heshima ya Kihaya, "nyasi hazina kosa. Zilikuwepo humu kabla ya waya. Kosa ni la waya kulala chini yake. Waya ukipitisha umeme mwingi unapata joto. Ukiwa wazi, joto linaondoka. Ukiufunika kwa nyasi, au zulia, au godoro, joto linabaki hapo hapo mpaka liunguze. Na waya mwembamba wenye maungio ndio mbaya zaidi."

Baba aliuliza mbona betri ya zamani haikuunguza kitu. Shamsa akamwambia kwamba ile chogo ilikuwa ndogo na haikuhitaji umeme mwingi. Hii plasma ni mlaji. Alitueleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya kioo cha plasma kuna vyumba vidogo mno vyenye gesi, na kila chumba kinajiwakia chenyewe. Picha yake ni nzuri, hilo hakulikataa. Lakini inakula umeme, inatoa joto jingi, ni nzito, na ikiachwa na picha moja muda mrefu alama inabaki kwenye kioo. Viwanda viliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita, na vipuri ni taabu. Televisheni ya LCD ina kioo chembamba chenye majimaji maalumu ndani yake, na zinazotengenezwa siku hizi huwa na taa ndogondogo nyuma ya kioo. Haili umeme mwingi wala haipati joto kama hili.

"Sasa kwa nini inazima yenyewe?" niliuliza.

Alikishika kitambaa cha mama kwa ncha za vidole, kwa heshima. Alipokinyanyua tuliona matundu mengi nyuma ya televisheni.

"Inapumulia hapa," alisema. "Mmeiziba pua. Ikizidiwa na joto inajizima ili isife. Ninyi mliona ina ugonjwa, kumbe inajiokoa."

Baba alitazama pembeni. Nadhani alikuwa na aibu, na mimi nilikuwa na aibu mara mbili. Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba nilitaka kumrudishia sebule ya zamani, na nusura nimchome ndani yake. Alinijibu kwa Kihaya, polepole, kwamba hata yeye harufu ilimdanganya, kwa sababu aliitaka.

Jumamosi asubuhi nilirudi Bukoba na ile plasma, safari hii imesimama wima, imekazwa kwa blanketi. Shamsa alikuja nami. Muuzaji alitaka kuleta maneno, lakini Shamsa alimuuliza maswali matatu ya kifundi, na muuzaji akakubali kubadilisha. Tuliondoka na LCD ya inchi thelathini na mbili. Nilinong'ona kwamba ni ndogo. Shamsa akaniuliza kiti cha baba kiko hatua ngapi kutoka ukutani. Nikasema tatu. Akaniambia kwa hatua tatu inatosha, macho ya mzee yatashukuru.

Tuliporudi Ngenge tulizoa nyasi zote, za juu na za chini, mpaka saruji ikaonekana. Sakafu nzima ilikuwa haijaonekana kwa miaka minne. Shamsa aliweka soketi mpya kwenye ukuta wa televisheni, na waya wake akaupitisha juu, ukutani, ndani ya bomba la plastiki. Ekstensheni yangu aliikata vipande ili nisije nikairudia. Televisheni tuliiweka mezani, ikiwa na nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Kati yake na soketi aliweka stabilaiza, kwa sababu umeme wa kwetu jioni hupanda na kushuka. Baba alikuja na kitambaa kibichi chenye sabuni, tayari kufuta kioo. Shamsa alimshika mkono. Alimwambia kioo hiki kinafutwa kwa kitambaa laini kikavu, televisheni ikiwa imezimwa, na radi ikianza plagi ichomolewe.

"Na nyasi?" baba aliuliza.

"Tandika, Ta Ishengoma. Ila za zamani zizolewe kila wiki, na zikae mbali na meza hii hatua moja. Mgongo ukikataa, wageni wazoe."

Baba alikitazama kitambaa cha mama. Kisha akakirudisha pale kilipozoea kukaa, juu ya ile chogo pembeni. Alikinyoosha ncha zote nne.

Jumapili mchana sakafu ilikuwa bado tupu. Tulikuwa tumechoka, hatukwenda bondeni, na baba alikuwa na wasiwasi. Alisema watu watakaa wapi kwenye saruji. Saa tisa alisikia kikohozi uani. Alikuwa Rugaibula, na mkongojo mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia nyasi mbichi, nyingi, mpaka kidevu hakikuonekana.

"Felicitas alisema tusije mikono mitupu," alisema, akazimwaga katikati ya sebule.

Nyuma yake walikuja wengine. Baadhi walikuwa vijana ambao hawakumjua mama, wamefundishwa na wazazi wao njiani. Baba alisimama mlangoni akizipokea nyasi kumbatio kwa kumbatio, akizitandika, akihakikisha hatua moja kutoka kwenye meza inabaki wazi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mimi nilipitisha kibakuli cha kahawa, kwa sababu sasa hakuna mwingine wa kukipitisha.

Mechi ilikwisha bila televisheni kuzima. Timu ya baba ilifungwa, na Rugaibula alimsifu mwamuzi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Watu walipoondoka walizoa nyasi wakazipeleka kwenye migomba. Baba alichomoa plagi, akaweka kiganja ukutani kwenye bomba la waya, akangoja kidogo.

"Baridi," aliniambia. Kisha akaenda kulala.