Safari ya Bofa Siku ya Mahari ya Janet

Wenzangu wa Vitengeni na vijiji vya jirani, mengi yamesemwa kuhusu nyumba ya Thoya, na mengi kati ya hayo si kweli. Nimewauliza wahusika mmoja mmoja. Nitaeleza yaliyotendeka kwa mpangilio wake, na kila mtu nitampa kosa lake, bila kulipunguza.

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, saa nane mchana, Hope alikuwa barazani akitoa pojo kwenye maganda. Ana miaka minane, na ana shoto. Mama yake, Zipporah, aliyekuwa akifua karibu naye, alimtania kwamba pojo zilizotolewa kwa shoto haziivi. Mtoto akamjibu kwamba basi asile. Wakacheka wote wawili. Baada ya muda mfupi Hope aliweka ungo chini akasema kifua kinambana.

Hope alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa. Wazazi walijua tangu alipokuwa na mwaka mmoja, nao hawakuwahi kumkosesha dawa. Kwa hiyo Zipporah alipomshika paji la uso na kusikia jinsi anavyovuta pumzi, alielewa kwamba jambo hilo halingoji. Mumewe Thoya ni mpishi katika hoteli moja huko Watamu na hurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Siku hiyo hakuwepo. Zipporah alimbeba mtoto hadi ua wa pili, kwa shemeji yake Kalume, mdogo wa Thoya, mwenye pikapu.

Kalume alisimama mlangoni akasema gari limekwenda Bamba na dereva.

Halikuwa limekwenda popote. Lilikuwa nyuma ya nyumba, limepakiwa mbuzi kumi na wawili wa mnada wa siku ya pili, naye hakutaka kuwashusha. Mbuzi walilia Zipporah akiwa bado amesimama pale. Aliwasikia. Kalume naye alijua kwamba amewasikia. Mama aligeuka, akampakata mtoto kwenye bodaboda hadi Ganze, kisha akapanda gari la abiria hadi Kilifi.

Hope alilazwa siku kumi na moja. Ilikuwa nimonia, na siku tatu za kwanza alipumua kwa msaada wa oksijeni. Daktari aliyemhudumia, Moraa, mwanamke wa bara asiyependa maneno mengi, alimwambia Thoya kwamba kama mtoto angefikishwa saa mbili mapema, huenda asingefikia hali ile. Alisema hivyo ili wazazi wajue siku nyingine. Thoya, ambaye mkewe alikuwa amekwisha kumsimulia habari ya gari na mbuzi, alilisikia kwa namna yake. Alilibeba neno lile kama mtu aliyekabidhiwa ushahidi.

Kalume alikuja hospitalini siku ya tisa na kreti ya soda, akakaa kidogo, akaulizia chakula cha wodini, akaondoka. Kuhusu gari hakusema kitu. Binti yake Janet, mwenye miaka ishirini na mbili, alikuja mapema zaidi, akakaa siku nne kumpumzisha Zipporah. Alimfulia Hope, akamsuka nywele mistari mitatu, akamfundisha kucheza bao kwa vifuniko vya chupa za dawa. Mkumbukeni Janet, kwa sababu watu wazima wa hadithi hii walimsahau.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliandika maagizo kwenye kadi, akayasoma kwa sauti. Mtoto apumzike wiki tatu. Anywe maji mara kwa mara. Asipigwe na baridi wala asiingie maji baridi. Arudi kupimwa Jumanne ya tarehe ishirini na moja. Zipporah aliuliza juu ya safari, maana hoteli ya mumewe ilikuwa imewapa wafanyakazi siku tatu za mapumziko na familia zao katika hoteli dada iliyoko Bofa. Daktari alijibu kwamba baada ya kipimo cha Jumanne hiyo hana pingamizi, na kwamba mapumziko yatamfaa kila mtu. Kabla ya hapo, hapana.

Hoteli iliwaachia wafanyakazi wachague tarehe yoyote hadi mwisho wa mwezi wa sita. Nataka hili lieleweke vizuri. Hapakuwa na haraka yoyote. Thoya alichagua Jumamosi ya tarehe kumi na nane, siku tatu kabla ya kipimo.

Aliichagua kwa sababu siku hiyo wageni kutoka Kaloleni wangekuja kumposa Janet na kuleta mahari.

Mnajua desturi yetu. Baba ya msichana haongei na wageni kwanza. Baba mkubwa ndiye anayekaa mbele, ndiye anayefungua kibuyu cha tembo la mnazi cha wageni na kuonja, na kabla hajaonja hakuna neno la posa linalosemwa. Baba yao Thoya na Kalume alishafariki. Mkubwa ni Thoya, na hakuna mwingine. Asipokuwepo, wageni hukaa, hunywa chai, na hurudi kwao na kibuyu chao kimefungwa vilevile.

Zipporah alipoiona tarehe aliuliza kama hakukumbuka posa. Thoya alisema ameikumbuka vizuri sana.

"Nataka Kalume asimame mbele ya watu wa Kaloleni hana la kuwaambia," alisema. "Nataka ajue kungoja kulivyo."

"Na mtoto, Baba Hope? Kadi inasema Jumanne."

"Mtoto atalala kitandani kwa wazungu, atakula samaki. Kuna mapumziko gani zaidi ya hayo?"

Ningependa kuwaambieni kwamba Zipporah alikataa. Hakukataa. Alikuwa amebeba mtoto anayepumua kama paka mdogo juu ya bodaboda, katika mashimo yote ya barabara ya Ganze, huku sauti ya mbuzi ikiwa masikioni mwake. Alitoa sharti moja tu, kwamba Hope asiguse maji ya bwawa. Kisha akapanga nguo. Aliniambia mwenyewe kwamba alipofunga ule mkoba alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

Hivi ndivyo kisasi kinavyoingia nyumbani, ndugu msomaji. Huonekana kama haki, na mara nyingi ndani yake mna haki kweli. Kalume alikosa. Mtu yeyote anayetaka kumtetea anieleze kwanza habari ya wale mbuzi.

Ijumaa jioni walifika Bofa. Thoya alimtumia mdogo wake ujumbe kwamba daktari ameagiza mtoto abadilishe hewa, na kwamba anasikitika. Ulikuwa uongo wa aina ileile ya gari lililokwenda Bamba, umegeuzwa tu na kurudishwa kwa mwenyewe. Kalume alipiga simu mara sita. Janet alipiga mara moja. Thoya aliiangalia simu ya Janet ikiita hadi ikanyamaza.

Jumamosi palikuwa na wingu, na manyunyu ya masika yalikuja na kwenda. Saa tano asubuhi, saa ambayo wageni walitarajiwa Vitengeni, Thoya alitoka na Hope kwenda kwenye bwawa la kuogelea. Zipporah alikuwa ameingia kuoga. Thoya alitaka picha ya kutuma kwenye kundi la simu la ukoo, ambalo watu wote waliokaa na wageni wangeliona. Alimpiga mtoto picha akiwa amekaa kwenye kiti, ikaonekana picha ya mgonjwa. Akampiga amesimama ukingoni, akaonekana mnyonge.

"Ingia kidogo, mwanangu, hapo penye maji mafupi. Nipige moja tu."

"Mama amesema nisiingie."

"Moja tu. Halafu ucheke, Janet akuone."

Jina la Janet ndilo lililomwingiza. Aliingia hadi kifuani. Picha ya kwanza alifumba macho. Ya pili hakucheka vya kutosha. Manyunyu yakaanza, Thoya akafuta kioo cha simu kwa shati, akamwambia asitoke, karibu wanamaliza. Nimeziona picha zote ndani ya simu hiyo, ziko kumi na tisa. Ya kwanza ilipigwa saa tano na dakika nane, ya mwisho saa tano na dakika thelathini na mbili. Katika ile ya mwisho Hope anacheka, na midomo yake haina rangi. Ndiyo iliyotumwa.

Kule Vitengeni simu zililia zote kwa pamoja. Wageni wa Kaloleni waliona watu wakitazama simu zao na kuinamisha vichwa. Mzee wao aliuliza kama baba mkubwa yuko njiani. Kalume alifungua kinywa, akakosa la kusema, na Thoya akawa amepata alichokitaka, kama alivyokitaka, dakika ileile aliyoitaka. Wageni waliondoka saa nane na kibuyu chao. Janet alikuwa ndani amevishwa leso mpya. Hakutoka hadi magari yalipokwisha kuondoka.

Saa tisa alasiri Hope alianza kulia maumivu ya miguu na mgongo. Saa kumi na moja gari la hoteli lilimfikisha hospitalini, kwa daktari yuleyule. Zipporah alipotoa kadi mkobani, daktari Moraa aliisoma, akaangalia tarehe, akauliza swali moja, kama mtoto aliingia majini. Zipporah alisema hapana. Daktari alirudia swali, akimtazama Thoya sasa, na Thoya akasema ndiyo. Hapo ndipo mkewe alipojua.

Jumapili asubuhi, muuguzi alipompa Hope kikombe cha uji, kilianguka. Akapewa kingine, kikaanguka pia. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba kichwani. Daktari alieleza kwamba wiki chache baada ya nimonia, mtoto wa selimundu huwa katika hatari hiyo hata akiwa nyumbani, na ndiyo sababu aliagiza mapumziko. Hakusema kwamba bwawa peke yake ndilo lililoleta hayo, nami sitasema asilosema. Nasema tu kwamba tahadhari ilikuwepo, imeandikwa, ndani ya mkoba, mita hamsini kutoka majini.

Hope yu hai. Anatembea akiburuta mguu kidogo. Mkono wake wa kushoto haushiki kitu.

Zipporah hakupiga kelele. Mtoto aliporuhusiwa, alimchukua na kwenda naye kwao Marafa. Thoya alimfuata baada ya wiki mbili, akiwa peke yake. Baba mkwe alimpa kiti na maji, akamwambia maneno machache tu. Mwanamke aliyerudi kwao kwa kosa la mumewe hakabidhiwi mume anayekuja peke yake. Aje na ndugu yake wa tumbo moja, asimame naye, adhamini kwamba mtoto hatatumiwa tena. Alimpa Jumamosi moja, ya mwisho. Siku hiyo ikipita bila mtu, mazungumzo yamekwisha.

Thoya ana ndugu mmoja tu wa tumbo moja.

Alikwenda ua wa pili jioni. Kalume alikuwa akisugua pikapu. Thoya alisalimu, akaanza kwa kuomba radhi, na wanaosema hakuomba wanasema uongo, kwa sababu Janet alikuwa jikoni na alisikia yote. Aliomba radhi kwa kibuyu, kwa wageni, kwa picha. Kisha akaomba kusindikizwa Marafa.

Kalume alikamua kitambaa. "Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja."

"Aa, kaka." Aliendelea kusugua. "Jumamosi hii tunasafiri. Nampeleka Janet na mamake Watamu. Mtoto anahitaji kubadilisha hewa."

Mbuzi walikuwa zizini, wanalia. Thoya akarudi kwake, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Hawakwenda Watamu. Nilipita mwenyewe Jumamosi ile asubuhi na nikapita tena alasiri. Pikapu ilikuwa nyuma ya nyumba, safi, haina mzigo wowote. Kalume alikuwa amekaa kivulini akiitazama. Janet alimwendea akamsihi, akamwambia Hope hana kosa, na kwamba Marafa si mbali. Baba yake alimwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Saa kumi na mbili jua lilizama, na huko Marafa mzee akaingiza viti ndani.

FUNZO

Kadi ya daktari haijui nani alimnyima nani gari. Ugonjwa haungoji ndugu wapatane, wala haumwachi mtoto kwa sababu baba yake ana haki ya kukasirika. Mtoto akitoka hospitalini, swali la kusafiri au kutosafiri lina majibu ya aina moja tu, ya mwili wake: amepona kiasi gani, amepimwa lini, ameruhusiwa nini. Mkianza kujibu swali hilo kwa kuangalia nani ataumia mkiondoka, mmeshamtoa mtoto katika hesabu.

Kwa wenye magari: shusheni mbuzi.

Kwa waliokosewa: dai lako lipeleke kwa aliyekukosea, mchana, mbele ya wazee, kwa kinywa chako. Usilitume kwa mgongo wa mtoto. Thoya alitaka Kalume ajue kungoja kulivyo, na Kalume alijifunza vizuri sana. Sasa wanangoja wote wawili, kila mmoja katika ua wake, na hakuna aliyeshinda.

Hope yuko darasa la tatu huko Marafa. Mwalimu wake anasema maandishi yanaanza kusomeka. Anaandika kwa mkono wa kulia.